Mgonjwa Hakutoa Ushirikiano

Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu. Mwalimu aliyasoma yakiwa kichwa chini miguu juu, kwa sababu faili lilimwelekea daktari upande wa pili wa meza. Hakuona tabu. Mtu aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja ameshasoma kila aina ya mwandiko, na huu ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Mgonjwa hakutoa ushirikiano. Chini yake sahihi, na chini ya sahihi muhuri wa chumba cha picha.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mumewe, fundi saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi bila kuuliza wa nini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja ubavuni, pale mpira wa kutolea hewa ulipokaa siku sita. Ilikuwa imepita wiki tano tangu achomwe sindano ya kuchukua kinyama cha kupimwa pafuni, pafu likatoboka.

"Mzee wangu," alisema daktari wa kifua, mama wa makamo aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kila alipotoa habari mbaya. Sasa aliivua. "Kile kinyama hakikupatikana. Bila kinyama sijui uvimbe wako ni wa aina gani, na bila kujua aina siwezi kukupa dawa wala kukupeleka kwa wapasuaji. Sindano lazima irudiwe."

"Irudiwe," alisema Fundi.

"Chumba cha picha hawataki. Wanasema ulitikisika sindano ikiwa ndani ya pafu. Wanataka ulazwe usingizi kabisa, na moyo wako hauwezi usingizi huo. Nimewaandikia mara mbili. Wamejibu kwamba wako tayari kukufanyia ukiwa macho, ila uandike kwanza kwamba ulikosea na hutarudia."

Fundi aliangalia vidole vyake. "Nipe karatasi niandike."

"Usimpe," alisema Mwalimu.

*

Binti yao alikuja jioni ile kutoka kazini, akiwa bado na sare ya kampuni ya mabasi, akakuta wazazi wake wamenuniana. Alipoelezwa habari ya karatasi, hakuona tatizo.

"Mama, andikeni. Karatasi haiumi. Baba apate sindano."

"Baba yako hakutikisika."

"Nani anajali? Tangu lini mnyonge akapewa haki? Sema samahani bwana mkubwa, upite."

Mwalimu alimgeukia mumewe. Kwa wiki tano alikuwa hajamuuliza sawasawa, maana kila alipoanza, Fundi alijibu kwa sauti ya chini kwamba ameharibu, basi, yaishe. Aliambiwa pale pale mezani kwamba ameharibu, akaamini. Alirudi na aibu yake nyumbani kama mtoto aliyejikojolea darasani.

"Hebu nieleze," alisema Mwalimu. "Kabla hujaingia, yule daktari wa picha alikwambia nini?"

"Weka hapa."

"Halafu?"

"Nikaweka sahihi."

"Hakukwambia sindano inapita wapi? Inachukua nini?"

"Mama watoto, alisema weka hapa, nikaweka hapa." Fundi alikohoa, akashika ubavu. "Nikalazwa kifudifudi. Akanidunga ganzi mgongoni, halafu akaja na ile ndefu. Akasema usitikisike. Kila wakipiga picha wao wanatoka, kwa ajili ya mionzi, wanakaa nyuma ya kioo. Wakatoka. Sauti ikaja kwenye spika: vuta pumzi, shika. Nikashika. Meza ikaingia kwenye ile pete, ikatoka. Mashine ikanyamaza. Nikangoja aseme pumua."

"Hakusema?"

"Simu yake ililia. Niliisikia kwenye spika. Akaanza kuzungumza habari ya gari lake, sijui bampa limegongwa, sijui aliyegonga anamjua. Halafu spika ikazimwa."

"Na wewe?"

"Mimi niliambiwa nishike."

Binti alikuwa ameacha kufungua viatu.

"Nilihesabu," alisema Fundi. "Najua sekunde. Nimeishi na sekunde. Zilifika hamsini na nane. Nilijua kuna chuma ndani yangu, na nilidhani nikipumua kabla ya ruhusa kitanichana. Hakuna aliyeniambia kwamba pumzi ikinishinda naweza kuitoa kidogo kidogo. Ningejua, nisingeshindana nayo. Ya hamsini na tisa ikatoka yote kwa mpigo, na kikohozi juu yake. Akarudi mbio, akaniuliza, mzee, umefanya nini?"

Mwalimu alihisi kitu kikimpanda, akakijua jina lake na wala hakukionea haya. Ilikuwa chuki. Hakutaka haki ya barua na mihuri. Barua alishaandika, na jibu lilisema malalamiko yake yamepokelewa. Alitaka yule daktari adhalilike mbele za watu, polepole, kila siku, mpaka yale maneno matatu ayatapike mwenyewe.

"Utamuua baba kwa ajili ya maneno matatu?" binti alisema. "Uvimbe hausubiri ushinde ubishi wako."

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

"Nipe siku tano," alisema Mwalimu. "Ya sita nikiwa sijafika popote, ataandika, na mimi nitamshikia kalamu."

*

Chumba cha CT scan kilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani nusu ukuta. Nje palikuwa na mabenchi matatu, shubaka la mapokezi, na mlango mzito wenye taa nyekundu juu yake. Mwalimu aliwasili saa moja asubuhi na daftari, akakaa benchi la katikati.

Siku ya kwanza hakufanya lolote ila kusikiliza. Mlango ulifunguka, akatoka kijana mrefu, nadhifu, mwenye saa kubwa mkononi na karatasi kwenye ubao. Hakusalimia. Alimwelekea mama mmoja aliyebeba mkoba, akaweka kidole chini ya karatasi.

"Weka hapa."

Mama akaweka. Wa pili, weka hapa. Wa tatu hakuwa na miwani, akashikwa mkono. Wagonjwa wa zamani walishambandika jina, Daktari Weka-Hapa, wakilitaja kwa kunong'ona na kucheka kidogo, kicheko cha watu walio chini ya kisu cha yule wanayemcheka. Mwalimu hakucheka. Alisikia pia mhudumu wa shubakani akifoka, mara kumi kwa siku, kwa kila aliyeitwa: "Ukitikisika picha inatoka chafu, inarudiwa upya!" Akaliandika hilo.

Mchana alimfuata muuguzi wa zamu kwenye ngazi, alipokuwa akinywa chai kwa kujificha.

"Nifundishe," alimwambia. "Nieleze kama ambaye sijui kitu."

Muuguzi alitazama huku na huku. Alikuwa dada mchovu mwenye vinyongo vyake mwenyewe. "Ukishajua utafanya nini?"

"Nitafundisha."

Dada yule alicheka, akasogea ili Mwalimu apate pa kukaa. Akamweleza yote.

*

Siku ya pili darasa likaanza.

"Wewe umekuja kupigwa picha tu, au kuchomwa sindano?" Mwalimu alimuuliza mzee aliyekaa karibu naye, ambaye magoti yake yalikuwa yanacheza.

"Picha tu. Wanasema unaingizwa kwenye tundu."

"Si tundu, ni pete kubwa. Unaona huku na huku. Haikugusi. Inazunguka na kuvuma tu. Inapiga picha ya mwili wako vipande vipande, kama mkate uliokatwa, ila mwenyewe hukatwi. Umewahi kuumwa figo?"

"Hapana."

"Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

"Ile ya vidonda, ilinivimbisha uso."

"Waambie hilo kabla hawajakudunga dawa ya mshipani, wala usingoje kuulizwa. Na hiyo dawa ikiingia, mwili utapata joto ghafla, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Usiruke."

"Mwenzangu mwaka jana aliruka!" alisema mama wa benchi la pili, na watu wakaangua kicheko, na magoti ya mzee yakatulia.

Waliokuja kwa sindano aliwakusanya upande wake. Aliwapa maswali manne, akawakaririsha mpaka wakayashika. Sindano inaingia wapi na inakwenda kuchukua nini? Ikiwa ndani, nipumueje? Pumzi au kikohozi kikinishinda, nifanyeje? Ukitoka nje ya chumba, nani anabaki kunisikia?

"Msiweke sahihi mpaka yote manne yajibiwe. Kalamu iko mkononi mwenu, si mwake."

Mlango ukafunguka. Kidole kikashuka kwenye karatasi mbele ya bibi mmoja mwembamba aliyefungwa kitambaa cheupe.

"Weka hapa."

"Sindano inaingia wapi, mwanangu?"

"Utajua ukiwa ndani, bibi. Weka hapa."

"Basi na sahihi nitaweka nikiwa ndani."

Benchi zima likaguna. Daktari alisimama na kidole chake kikiwa bado kwenye karatasi. Kisha akaeleza, kwa pupa, akimeza maneno. Bibi akasema hajasikia. Akaeleza tena. Wa pili akauliza yale yale manne, wa tatu pia. Mpaka saa sita walikuwa wameingia watu watano badala ya kumi na wawili, na simu ya shubakani ilikuwa inalia kutoka wodini, wagonjwa wetu mbona hawarudi.

Siku ya tatu aliletwa mlinzi. "Mama, benchi hili ni la wagonjwa na ndugu zao."

"Mimi ni ndugu wa mgonjwa."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Wamemkataa. Lakini bado ni mgonjwa wao."

Mlinzi alikuna kichwa, akamtazama bibi wa kitambaa cheupe aliyekuja kufuata picha zake, akaona anavyomkodolea macho, akaondoka. Daktari alikuwa anatazama kupitia ufa wa mlango. Shati lake lilikuwa limelowa kwapani. Mwalimu alimwona, akampungia mkono kama anayemuaga mtoto getini, na moyo wake ukapata ladha ambayo hakuwa ameipata kwa wiki tano. Tusidanganyane, ilikuwa tamu.

Lakini maneno matatu yalikuwa bado kwenye faili, na siku zilikuwa zimebaki mbili.

*

Jioni ya siku ya nne alitoa bahasha kubwa iliyolala juu ya kabati tangu mumewe aruhusiwe kutoka wodini. Ndani yake kulikuwa na picha za siku ile. Hakuna aliyezitazama, nyumbani waliziona kama vyeti vya msiba.

"Fundi," alisema, "wanasema mtu akitikisika picha inatoka chafu. Hebu tazama."

Fundi alisogea dirishani, akabana jichoni kile kioo chake cha kutazamia vigurudumu vya saa, akainua picha kwenye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu, kama afanyavyo mtu akimletea saa iliyozama.

"Sindano hii hapa," alisema mwishowe. "Mstari mweupe. Ncha imeingia kwenye uvimbe. Kila ubavu una ukingo wake. Safi kabisa." Akasogeza kidole ukingoni. "Pembeni wameandika saa. Saa nne, dakika kumi na nne, sekunde saba."

"Na inayofuata?"

"Pafu limenywea. Hii nyeusi ni hewa." Kioo kilikuwa bado jichoni. "Saa nne, dakika kumi na sita, sekunde ishirini na sita. Dakika mbili na sekunde kumi na tisa baadaye."

Alishusha picha.

"Sikutikisika," alisema.

"Hukutikisika."

"Picha ilipopigwa nilikuwa nimetulia kabisa." Akakaa kitandani, akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na Mwalimu alimwacha alie, maana ile haikuwa huzuni.

*

Siku ya tano walikwenda wote watatu, na binti aliomba ruhusa kazini. Mwalimu alikuwa amemwomba daktari wa kifua ashuke saa tatu, naye alishuka, akasimama karibu na shubaka akiwa na faili. Mabenchi yalijaa.

Mlango ulipofunguka, Mwalimu alisimama.

"Daktari, samahani. Nina swali la tano."

"Mama, nina kazi."

"Ni fupi. Mgonjwa akitikisika, picha inakuwaje?"

Mabenchi yalijibu, kwa sauti moja kama darasa: "Chafu!"

Mwalimu alibandika picha ya kwanza kwenye kioo cha dirisha la korido, jua likaiwasha. "Hii ni ya mume wangu, saa nne na dakika kumi na nne. Uliyempa wewe amri ya kushika pumzi. Ni chafu?"

Daktari wa kifua alisogea, akavaa miwani. "Ni nzuri," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Sijaona picha tulivu kama hii mwaka huu."

"Na hii ya pili, pafu limeshanywea. Katikati kuna dakika mbili na sekunde kumi na tisa. Ulikuwa wapi?"

"Tuzungumze ofisini," alisema daktari. Alijaribu kutabasamu kwa watu, na watu hawakumrudishia.

"Ulimwandika ofisini. Utamfuta hapa." Mwalimu alimsogelea hata akalazimika kuinua kidevu kumtazama. "Bampa lilipona, daktari?"

Rangi ilimtoka. Mkono wake ulikwenda mfukoni, kwenye simu, wenyewe.

"Itoe," alisema Mwalimu. "Simu inaweka kumbukumbu. Fungua tarehe ile, saa nne na dakika kumi na nne, tuone kama ulikuwa na mgonjwa au na bampa. Ukikuta hakuna kitu, nitapiga magoti hapa sakafuni nikuombe radhi, na mume wangu ataandika karatasi yako."

Hakuitoa. Korido nzima ilimngojea, na yeye alisimama pale, mtu mkubwa mwenye saa ya bei, hana pa kuweka macho. Mkuki kwa nguruwe. Mwalimu aliyahesabu yale maumivu usoni mwake moja moja, na hakumpunguzia hata moja.

"Lete faili," daktari alisema hatimaye.

Alipiga mstari juu ya maneno matatu. Mwalimu alimwambia aandike mapya na ayasome kwa sauti. Aliandika akiwa ameegemea ukuta wa kijani, kama walivyokuwa wakiandika wagonjwa wake.

"Mgonjwa alifuata maelekezo yote," alisoma. "Aliachwa ameshika pumzi bila msimamizi. Kosa ni langu."

"Hawajasikia kule nyuma," alisema Mwalimu.

Akasoma tena.

*

Sindano ilirudiwa wiki ile ile. Safari hii daktari wa picha alikaa kwenye benchi kando ya Fundi, akamweleza robo saa nzima, akamchorea hata pafu kwenye karatasi, na muuguzi aliwekwa kwenye spika kwa kazi hiyo moja tu. Kinyama kilipatikana. Fundi alitoka akitembea.

Majibu yalichukua wiki mbili. Daktari wa kifua alivua miwani.

"Aina yake tumeijua, na dawa zake zipo. Lakini kwenye picha za kwanza uvimbe ulikuwa mmoja, peke yake. Ningekupeleka ukakatwe. Sasa umeshafika kwenye tezi za katikati ya kifua. Wapasuaji hawatakugusa."

"Ni kwa sababu ya kuchelewa?" aliuliza binti.

"Siwezi kuapa. Pengine ulikuwa umeshaanza kutambaa hata wakati ule. Pengine ulikuwa bado."

"Hizo dawa," alisema Fundi, "zitanifikisha mpaka lini?"

Daktari alifuta miwani isiyo na vumbi.

Nyumbani Fundi alimshika mkewe mkono. "Mama watoto, sasa imetosha. Yule kijana ameniomba radhi, nimempokelea."

"Alikuomba wewe," alisema Mwalimu. "Umsamehe wewe."

*

Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa kwenye benchi la katikati. Mganga mkuu alikuwa amesikia habari zake, akamtuma muuguzi na ofa ya posho na beji, awe mwelezaji wa wagonjwa. Mwalimu alimrudishia beji. Akilipwa itakuwa kazi, alisema, na kazi mtu huweza kufukuzwa.

Daktari alitoka, akamwona, akasimama. Siku hizi alisalimia.

"Mama, nilifuta. Nilimchoma mzee vizuri. Wagonjwa wote nawaeleza, waulize wenyewe. Umebakiza nini?"

Mwalimu alimwambia majibu yalivyokuwa. Hakupamba, hakulia. Alitaja tezi kwa jina kama alivyotajiwa.

Daktari alishusha ubao wake. "Pole sana, mama."

"Sikuja kuchukua pole."

"Basi utakaa hapa mpaka lini?"

"Hilo ndilo swali alilouliza mume wangu jana. Hakujibiwa. Na wewe hujibiwi."

Daktari, kwa kuwa mabenchi yalikuwa yamejaa na wote walikuwa wanamtazama, akachuchumaa mbele ya mgonjwa wa kwanza, mwanamke kijana aliyekumbatia bahasha yake, akaanza kueleza. Mwalimu alisikiliza neno kwa neno. Alipofika kwenye pumzi akasahau kusema mgonjwa afanye nini ikimshinda, Mwalimu aligonga daftari lake kwa kalamu, akamwambia aanze upya.